Imeili ya kampuni kwa mfuko wa Bujumbura

Milango ya maduka ya vipuri na gereji za mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, husomeka kwa mpangilio mmoja. Juu jina la duka kwa herufi nene, katikati namba za simu, ya Lumitel na ya Econet Leo, na chini kabisa, palipobaki nafasi kidogo, anwani ya barua pepe inayoishia gmail.com au yahoo.fr. Mara nyingi jina la duka limeongezewa neno Buja au tarakimu tatu, kwa kuwa jina tupu lilishachukuliwa na mtu ambaye hajulikani yuko wapi duniani. Ukivuka kwenda Quartier Asiatique kwa wauzaji wa jumla, au ukipanda Rohero kwenye ofisi za mawakala wa forodha, vibao vinakuwa vya kisasa zaidi, lakini mstari wa mwisho ni uleule.

Kwa anayeuza mikanda ya feni rejareja, hilo halimpunguzii kitu. Wateja wake wako WhatsApp, bei zinatajwa kwa sauti ya kurekodi, malipo yanaingia kwa simu kupitia Lumicash, na mwaka unaweza kuisha bila mtu kumwandikia barua pepe. Mambo hubadilika siku anapoanza kuagiza kontena. Muuzaji wa Guangzhou anataka anwani ya kampuni ya kupelekea ankara ya proforma. Wakala wa Dar es Salaam, bandari inayopitisha sehemu kubwa ya mizigo ya Burundi, anatuma nakala za hati za shehena na anataka awe na hakika kwamba anayemjibu ndiye mwenye mzigo. Benki nayo inauliza. Hapo anwani yenye tarakimu tatu nyuma ya jina huanza kutiliwa shaka, na anayetia shaka ana haki yake: mtu yeyote mwenye simu anaweza kufungua Gmail yenye jina la duka lako na tarakimu nne, kwa dakika tano, akamwandikia wakala yuleyule.

Hofu hii ina hesabu zake. Kitengo cha FBI kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiliripoti hasara iliyozidi dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 pekee kutokana na ulaghai wa barua pepe za biashara. Barua inakuja kana kwamba imetoka kwa mshirika wako, lugha ni yake, ankara ni yake, ila namba ya akaunti ya benki imebadilika. Anayelipa kontena la matairi kwa njia hiyo hana wa kumdai.

Bujumbura iliwahi kuwa na desturi nyingine. Nyaraka za mashirika na taasisi za mjini za mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina anwani zilizoishia cbinf.com, usan-bu.net au onatel.bi. Ulilipia intaneti, na aliyekuletea intaneti akakupa na kikasha cha barua. Aliyesoma anwani alijua mara moja kwamba unapatikana hapa mjini. Kasoro ya mpango ule ni kwamba anwani ilikuwa ya mtoa huduma. Ukihama, unaiacha kwake pamoja na barua zote ambazo wateja wa miaka kumi wataendelea kuzituma huko. Yahoo na Gmail zilipokuja, za bure na zinazofunguka kwenye saibakafe yoyote, watu walihama kwa furaha, wakaacha kumtegemea mmoja wakaanza kumtegemea mwingine.

Wazee wa biashara wa mji huu walikuwa na kitu bora kuliko vyote viwili, nacho ni ile B.P. kwenye kichwa cha barua. Namba ya sanduku la posta ilikuwa ya kampuni maadam ada ya mwaka imelipwa. Ofisi ikihama kutoka Bwiza kwenda Ngagara, namba haibadiliki. Domeini, yaani jina lako mwenyewe kwenye intaneti, iko hivyohivyo. Unalipa ada ya mwaka, jina ni lako, na vikasha vya barua vinavyoning'inia kwenye jina hilo unaweza kuvitoa kwa mtoa huduma mmoja na kuvipeleka kwa mwingine bila mteja kujua kwamba kuna kilichohamishwa.

Mambo hayo mawili, jina na vikasha, ni vyema yatenganishwe kichwani tangu mwanzo, kwa sababu mafundi wengi huyauza kwa bei moja na mwenye mali hajui amenunua nini. Jina linanunuliwa kwa msajili. Vikasha vinakodishwa kwingine. Kinachoviunganisha ni mstari mdogo kwenye mipangilio ya jina, uitwao rekodi ya MX, unaoiambia dunia barua za jina hili zipelekwe kwenye seva gani. Ukibadilisha mstari huo leo asubuhi, pengine kabla ya saa sita mchana barua zitakuwa zinaingia kwingine. Ikichelewa sana, saa 48.

Tuanze na jina. Burundi ina .bi yake tangu 1996, na kwenye orodha ya IANA, inayotaja wasimamizi wa majina ya nchi, msimamizi wake ni Centre National de l'Informatique. Benki kuu iko brb.bi, mamlaka ya mapato, Office Burundais des Recettes, iko obr.bi, serikali ina gov.bi. Ni herufi mbili zenye heshima. Lakini kwa wasajili wa nje .bi huuzwa mara kadhaa ya bei ya .com, ambayo hupatikana kwa dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Cloudflare, kwa mfano, huuza .com kwa bei ileile inayonunulia, dola 10 na senti. Anayeuza kwa wenyeji na kuomba zabuni za serikali ana sababu ya kuilipia .bi. Muagizaji wa vipuri ambaye barua zake zote zinakwenda Dubai, Dar na Guangzhou hapungukiwi chochote na .com, na kununua zote mbili mwaka wa kwanza ni kujipa mzigo usio na kazi. Majirani wamesogea mbele kidogo hapa: Tanzania ina tzNIC ya kusimamia .tz tangu 2006, Rwanda ilikabidhi .rw kwa RICTA ya Kigali mwaka 2012, na Mkenya anaweza kulipia co.ke yake kwa M-Pesa akiwa kwenye matatu.

Yale ya bure kabisa yaache. Vijana wengi wa ukanda huu walijifunzia kwenye .tk, .ml na .ga zilizogawiwa bila malipo na kampuni ya Freenom. Meta iliishitaki, usajili mpya ukasimama 2023, na mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kuachana na biashara ya domeini.

Ugumu wenyewe wa Bujumbura hauko kwenye kompyuta. Uko kwenye dola. Tangu faranga iliposhushwa thamani Mei 2023, pengo kati ya kiwango cha benki na cha barabarani halikuzibika, na kadi ya kulipia nje si kitu ambacho kila mwenye duka anacho mfukoni. Kwa hiyo watu hufanya wanavyofanya siku zote: wanamtafuta mtu. Binamu aliyeko Brussels, dada aliyeolewa Kigali, au fundi wa kompyuta wa mtaani anayepokea faranga kwa Lumicash na kununua kwa kadi yake. Njia ni halali na inafanya kazi, ila karibu kila mara jina husajiliwa kwa aliyelipa.

Binamu anafungua akaunti kwa imeili yake, anaandika jina lake na anwani yake ya Ubelgiji, analipa dola 12, anakutumia picha ya risiti. Wewe unashukuru. Kwa kanuni za ICANN, chombo kinachosimamia majina haya duniani, msajili hutuma barua ya kumtaka mwenye jina athibitishe kwamba imeili yake ni ya kweli, na isipothibitishwa ndani ya siku 15 jina husimamishwa. Barua hiyo inaingia kwa binamu, katikati ya matangazo ya viatu, wala haifunguliwi. Siku ya kumi na sita tovuti yako imezimika, barua haziingii, na wewe Buyenzi unamlaumu mtu wa intaneti. Hata akithibitisha, miaka miwili baadaye atabadili namba ya simu, atasahau nenosiri, au mtagombana juu ya mirathi ya babu. Fundi naye aghalabu huweka domeini za wateja wake wote kwenye akaunti moja, kwa kuwa ndivyo inavyomrahisishia kazi. Akipata visa ya Kanada, ameondoka na mji mzima.

Dawa yake ni nyepesi, na inafaa itumike kabla pesa haijatoka. Fungua wewe akaunti kwa msajili, kwa imeili yako na namba yako ya simu. Andika jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti cha usajili wa biashara. Kisha mwite binamu au fundi aingize kadi tu, mkiwa mmekaa pamoja au mko kwenye simu ya video; baadhi ya wasajili huruhusu pia kuwekewa salio. Na kwa kuwa dola kupatikana ni bahati, usilipe mwaka mmoja. Domeini ya .com inaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mkupuo. Miaka mitatu ni karibu dola 40, na kwa miaka hiyo humsumbui mtu.

Imeili unayoiandikisha kwa msajili isiwe ya domeini hiyohiyo. Utaona ni jambo dogo mpaka siku jina litakapoisha muda: vikasha vyake vyote vitazimika, na barua ya kukukumbusha kulipa itatumwa kwenye kikasha kilichozimika. Hapa ndipo ile Gmail ya zamani inapopata kazi yake halali. Iweke kwa msajili, ifungie uthibitisho wa hatua mbili, na nenosiri lake lijulikane na watu wawili wa kampuni.

Jina likikatika si mwisho wa dunia, lakini saa inakimbia. Kwa .com, wasajili wanaweza kukuacha hadi siku 45 ulipe kwa bei ya kawaida, ingawa wengine hufupisha. Kisha zinafuata siku 30 za kukomboa kwa faini inayouma. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Baada ya hapo yeyote anaweza kulinunua, na wapo wanaokaa wakiyavizia majina yaliyozoeleka. Atakayelipata ataanza kupokea barua zilizokusudiwa wewe, pamoja na viungo vya kubadilisha nenosiri la kila akaunti uliyoifungua kwa anwani hiyo.

Sasa vikasha, na hapa bei zinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Google iliwahi kutoa huduma hii bure kwa kampuni ndogo, ikawafungia mlango wapya Desemba 2012. Leo kifurushi chake cha chini ni dola 7 kwa mtu kwa mwezi, ukijifunga mwaka mzima. Cha Microsoft kiko karibu na hapo. Ofisi ya watu watano ikichukua Google italipa dola 420 kwa mwaka. Kwa kiwango rasmi cha faranga kama 2,900 kwa dola, hiyo ni zaidi ya milioni 1.2, na anayenunua dola barabarani anajua mwenyewe itafika wapi. Ni huduma nzuri sana. Duka la vipuri haliihitaji.

Zoho, kampuni ya India yenye makao Chennai, ina mpango wa bure wa vikasha vitano, GB 5 kila kimoja, kwa domeini moja. Sharti lake ni kwamba utasoma barua kwenye kivinjari au kwenye programu ya simu ya Zoho yenyewe. Outlook ya kompyuta ya mhasibu haitaungana nayo. Ukitaka iungane, mpango unaofuata ni kama dola 1 kwa mtu kwa mwezi, yaani dola 60 kwa mwaka kwa ofisi ileile. Migadu ya Uswisi inahesabu kwa namna yake: haiulizi mko wangapi, inapima barua zinazotoka. Mpango wake mdogo ni dola 19 kwa mwaka, na kikomo ni barua 20 za kutoka kwa siku. Wakala wa forodha atazimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Kiwanda kidogo cha sabuni huenda kisizifikishe kwa wiki.

Ipo pia njia ya kupitisha barua tu. Tangu 2021 Cloudflare hupokea barua za domeini yako bure na kuzisukuma kwenye Gmail uliyonayo. Kupokea kweli ni bure. Ukibonyeza kujibu, jibu linatoka na ile anwani ya tarakimu tatu, na Mchina wa Guangzhou anabaki akijiuliza anazungumza na nani. Wapo pia wanaouza nafasi ya tovuti na kukupa vikasha vingi ndani yake. Hapo unatumia seva moja na mamia ya watu usiowajua, na mmoja wao akianza kusambaza barua taka, seva nzima inaharibikiwa jina, na wewe umo. Kuhusu wale wanaotaka kuweka seva yao wenyewe ofisini: umeme unakatika, anwani za intaneti za kawaida zimekwisha kuwekwa kwenye orodha za kuzuiwa, na watoa huduma wengi wamefunga mlango wa kupelekea barua. Tusipoteze wino.

Ningekuwa na duka Buyenzi linaloanza kuagiza, ningechukua .com ya miaka mitatu na vikasha vya bure vya Zoho, na salio ningelipia mafuta ya gari, yakipatikana.

Vikasha vitano vinatosha ofisi kubwa kuliko unavyofikiri, kwa sababu si kila anwani inahitaji kikasha chake. Anwani ya commande, ya facture na ya info zinaweza zote kumwagika kwenye kikasha kimoja cha mtu mmoja, bila malipo ya ziada. Zina faida nyingine inayoonekana mhasibu anapoacha kazi. Kama wateja walikuwa wakimwandikia kwenye Gmail yake binafsi, ameondoka na madeni, proforma na mazungumzo ya bei ya miaka mitatu, na pengine ameajiriwa na mshindani wa ng'ambo ya barabara. Kama walikuwa wakiandika facture kwenye jina la kampuni, unabadilisha nenosiri jioni ileile, na kesho yake barua zinasomwa na mwingine.

Mpaka hapa mambo ni ya kawaida. Lakini barua za domeini mpya huwa zinaangukia kwenye barua taka, na watu hukata tamaa hapo wakarudi Gmail. Sababu karibu daima ni mistari mitatu ambayo fundi hakuiweka. Wa kwanza, SPF, unataja ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina lako. Wa pili, DKIM, ni ufunguo unaotumika kutia sahihi kila barua ili mpokeaji aone haikuguswa njiani. Wa tatu, DMARC, unamwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyoshindwa mitihani hiyo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo hazimvumilii mtumaji asiye na SPF wala DKIM, na wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail lazima wawe na yote mitatu. Hufikii idadi hiyo, lakini weka yote.

Kwa aliyechukua Zoho, mstari wa SPF huonekana hivi: v=spf1 include:zohomail.com ~all. Unanakiliwa kutoka kwenye ukurasa wa Zoho na kubandikwa kwa msajili, kwenye sehemu ya rekodi za TXT. Kosa linalojirudia ni hili: mwezi wa tatu kampuni inanunua programu ya ankara, programu nayo inadai SPF yake, fundi anaongeza mstari wa pili chini ya ule wa kwanza. SPF mbili kwenye jina moja ni sawa na kutokuwa na hata moja. Mpokeaji anazitupa zote. Zinatakiwa ziunganishwe ziwe mstari mmoja wenye include mbili. DMARC anza nayo kwa upole, p=none, uone ripoti kwa wiki kadhaa ni nani anatuma kwa jina lako, ndipo upande hadi quarantine (ziwekwe kwenye barua taka), na mwishowe reject (zikataliwe).

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Jitumie barua kutoka kwenye anwani mpya kwenda Gmail, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vitone vitatu vya pembeni, na kwenye Gmail ya Kifaransa, ambayo ndiyo ya wengi hapa mjini, chagua Afficher l'original. Juu ya ukurasa utaona SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila moja neno PASS. Likikosekana moja, kazi haijaisha na fundi hajastahili kumaliziwa pesa yake.

Mistari hiyo inamzuia tapeli kutumia jina lako lenyewe. Haimzuii kununua jina linalofanana nalo kwa herufi moja, na hapo hakuna rekodi itakayokusaidia: akaunti ya benki ikibadilika kwenye barua, piga simu kwa namba unayoijua wewe, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Anwani ya zamani usiifunge haraka. Acha ipeleke barua zake kwenye mpya kwa mwaka mzima, na kila anayeandika kwa zamani ajibiwe kwa mpya. WhatsApp ya biashara, bahasha za benki na faili la wakala wa Dar nazo zirekebishwe taratibu. Cachet mpya, yaani muhuri wa mpira wenye anwani hiyo, usiende kuichongesha siku domeini inaponunuliwa. Subiri wiki mbili, barua zitoke na kuingia, wakala wa Dar ajibu, benki ijibu, kisha ukachongeshe, na umwangalie mchongaji kwa karibu asikusahaulie nukta kabla ya com.